Kichwa Kipya Kisichoweza Mlima

Bi Mwatumu alikifungua kile kisanduku mwenyewe, kwa mkasi wake wa kushonea, na hakutaka mtu amsaidie. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Shaabani, mwaka wa hamsini na tano, watu wametoka msikitini na wamekwisha kula. Sebuleni kwake pale Usagara, mtaa wa Tanga, walikuwa watatu wengine wakimtazama: mdogo wake Idarusi, kinyozi, aliyekuwa akiishi naye; Kristofa, fundi wa breki katika karakana ya reli; na Ernesti, karani wa kaunta katika lile duka kubwa la mjini, ambaye ndiye aliyekileta kisanduku kwapani kama mtu aliyebeba msahafu.

Katikati ya sebule palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na reli ndogo ya mfano. Marehemu Miraji, mume wa Mwatumu, aliyekuwa dereva wa treni ya Tanga mpaka Moshi, aliinunua mnadani kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Mwanzoni kilikuwa kiduara kidogo tu, na kichwa kimoja cha treni cha kujazwa kwa ufunguo, na mabehewa machache. Miraji akaitia meza ubao, akaitia ubao tena, akatengeneza milima kwa magunia na chokaa, akaweka stesheni ya Muheza, akaweka daraja, akapandisha reli kuelekea Korogwe, hata ikawa mgeni akitaka kupita kwenda uani lazima apite ubavu. Alipofariki, watu walidhani mjane ataiuza. Mwatumu hakuiuza. Alijifunza kutia mafuta, kunyoosha reli zilizopinda, kushona mapazia madogo ya madirisha ya mabehewa, na kila Ijumaa wale wenzake walikuja treni ikatembea.

Sasa kile kichwa cha zamani kilikuwa kimekufa. Springi yake ilikatika, ikaungwa, ikakatika tena, na Kristofa mwenyewe akasema hapa tena hakuna la kufanya. Ndipo duka la akina Ernesti likabandika picha dirishani: kichwa kipya, kikubwa, cheusi, chenye mistari myekundu ubavuni. Ernesti aliwasomea maneno ya kampuni kwa Kiswahili. Kilikuwa na nguvu, kinapanda mlima na mabehewa nyuma, hakiyumbi konani, na kila kitu chake ni sawasawa na treni ya kweli. Walichanga, wakaagiza, wakangoja meli. Mwatumu alikwisha kukiota kile kichwa. Aliamka siku moja akamwambia Idarusi kwamba amekiona kikishuka Korogwe kinatoa moshi, na Idarusi akamwambia kwamba cha ufunguo hakitoi moshi, naye akajibu kwamba analijua hilo vizuri, yeye anasimulia ndoto.

Alikitoa kwenye karatasi akakiweka mezani. Kilikuwa kizuri. Rangi iling'aa, mistari ilinyooka. Kisha Mwatumu akakigeuza.

Upande wa pili haukuwa na mistari. Ulikuwa mweusi mtupu, na rangi yenyewe ilikuwa imechuruzika chini ya kibanda cha dereva ikaganda matone.

"Huu upande wamesahau?" aliuliza Idarusi.

Mwatumu alikisogeza karibu na macho. Alikuwa akilitazama bomba la moshi, lililokuwa limeinama kama mtu anayesikiliza jirani. Alikijaza ufunguo akakiweka relini peke yake, bila behewa hata moja. Kikaondoka kwa kishindo, kikaenda kikichechemea, maana gurudumu moja la mbele halikukaa sawa, na kilipofika kona ya Muheza kikaanguka. Alikirudisha. Kikaanguka tena palepale. Mara nyingine kilipita kona kwa bahati, kikaanza kupanda mlima, kikafika nusu, kikasimama kikinguruma, kisha taratibu kikarudi nyuma mpaka chini.

Ernesti alisema huenda mafuta bado hayajaenea. Kristofa alikwisha kukichukua mkononi, akikigeuza juu chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa chakula kizuri. Alisema ni jambo dogo. Ekseli imepinda kidogo, meno ya gurudumu la ndani yana makapi ya chuma yasiyosafishwa kiwandani. Apewe tupa na siku mbili tatu, kitapanda mpaka juu ya dari.

"Kiweke chini," alisema Mwatumu.

Kristofa alicheka, akidhani ni mzaha.

"Kiweke chini, Kristofa. Hiki ni kipya. Mimi nikimshonea mtu gauni, nikampa lina mkono mmoja, nikamwambia sindano unayo nyumbani, malizia mwenyewe, ataniambiaje?"

Kristofa alijitetea. Alisema watu wa mchezo huu ndivyo walivyo, kwamba raha yenyewe ni kukaa na kitu ukakitengeneza, na kwamba hata marehemu Miraji hakuacha kitu chochote kama alivyokinunua. Hilo la Miraji ndilo lililomchoma. Mwatumu alimwambia kwamba Miraji alinunua vitu vya mnadani, vilivyochoka kwa watu wengine, na alijua anachonunua. Hakuandikiwa maneno dirishani kwamba kitapanda mlima. Mtu akitaka kutengeneza kwa raha yake, atengeneze. Lakini asiuziwe kazi ya kiwanda kwa jina la raha.

Walitengana siku hiyo bila kunywa kahawa.

Jumatatu Mwatumu alivaa buibui lake, akakitia kile kichwa katika kikapu, akaenda dukani. Ernesti alipomwona mlangoni alimpa shikamoo yake, halafu akaangalia huku na huku, akamwomba waongee pembeni. Mwatumu akamwambia hakuja kuongea pembeni, amekuja kumwona meneja. Meneja alikuwa Mzungu mmoja mrefu aliyependa kusimama mikono nyuma. Alikuja, akakitazama kile kichwa bila kukishika, akazungumza Kiingereza na Ernesti, akacheka kidogo.

"Amesema nini?" Mwatumu aliuliza.

"Amesema atalifikiria, Bi Mwatumu."

"Maneno yote yale ni atalifikiria?"

Ernesti alijipangusa shingo. Meneja alikuwa akingoja, na Mwatumu alikuwa akingoja. Mwishowe Ernesti akasema kwa sauti ya chini, akiitazama kaunta: "Amesema hiki ni kitu cha kuchezea watoto. Amesema kikishatembezwa hakirudishwi. Na amesema, mama wa umri huu anataka nini na treni."

Mwatumu alisikia masikio yakimpata moto. Hakuwa mtu wa kupiga kelele mahali pa watu, na hata hapo hakupiga. Alimwambia Ernesti amweleze meneja kwamba kama ni cha watoto basi ndiyo aibu zaidi, maana mtoto hana tupa, na kikianguka atadhani kosa ni lake. Na kama hakirudishwi kikishatembezwa, mtu atajuaje kwamba hakitembei? Ernesti alitafsiri. Kwa jinsi tafsiri ilivyokuwa fupi, Mwatumu alijua maneno yake mengi yamebaki kooni mwa Ernesti. Meneja aliinamisha kichwa kwa adabu, akaenda zake ofisini.

Alirudi nyumbani kwa miguu, jua kali, na njia nzima alikuwa akizungumza peke yake. Kilichomuuma hakikuwa kile kichwa tu. Kilikuwa ule upande usio na mistari. Mtu amekaa mahali, huko kiwandani, akaamua kwamba upande utakaoelekea kioo cha duka upakwe, na upande wa pili uachwe, kwa kuwa atakayeugundua amekwisha kulipa. Huko hakukuwa kusahau. Mtu aliyesahau huacha mstari katikati.

Ramadhani iliingia. Ijumaa za treni zilisimama, kwa saumu na kwa kununiana. Kristofa hakuja. Ernesti naye hakuja. Kile kichwa kilikaa juu ya kabati, na kila Idarusi alipokitaja, dada yake alibadilisha mazungumzo, au alikata uzi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kumi la mwisho la Ramadhani lilipoingia, Idarusi alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea na habari. Wateja wake wote walikuwa wakizungumza juu ya duka lile. Wameweka meza ya reli ndani, na treni mpya inatembea mchana kutwa, inapanda mlima na mabehewa nyuma, na watu wanasimama kuitazama. Wazazi wananunua kwa ajili ya sikukuu. Mtu mmoja alisema haijapata kuonekana Tanga.

"Treni ipi?" Mwatumu aliuliza.

"Hiyohiyo, dada. Nyeusi ya mistari."

Mwatumu aliacha cherehani. Alifikiri pengine kampuni imejirekebisha, ikaleta vingine vilivyo sawa, na kwa dakika chache alifurahi kabisa. Alisema ikiwa hivyo ataomba abadilishiwe, na yaliyopita yamepita. Lakini Idarusi alikuwa bado amesimama mlangoni, na alikuwa na neno jingine ambalo halikutaka kutoka. Alisema aliyekuwa akiiendesha ile treni dukani ni Kristofa.

Hapo aliyaelewa yote bila kuelezwa.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya adhuhuri, alikichukua kichwa chake kutoka juu ya kabati, akakipangusa vumbi, akaenda. Idarusi alimfuata. Duka lilijaa. Kweli palikuwa na meza, ya mbao mpya, na mlima wa karatasi ngumu, na Kristofa amesimama nyuma yake na shati jeupe la Jumapili ingawa haikuwa Jumapili. Treni ilikuwa ikipanda. Ilipanda bila kuchechemea, ikapinda kona kama maji, ikashuka, ikaingia stesheni, ikasimama. Watu wakasema ah. Mwatumu mwenyewe, pamoja na hasira aliyokuwa nayo, ilibidi akubali moyoni kwamba ilikuwa kazi nzuri mno. Aliitambua mikono. Hata ule upande wa pili ulikuwa na mistari, na ilikuwa imepigwa vizuri kuliko ya kiwandani.

Kwenye kaunta palikuwa na visanduku vimepangwa mpaka kifuani mwa mtu. Ernesti alikuwa akivifunga kwa uzi, kimoja baada ya kingine. Mbele ya kaunta alisimama mzee Mwinyijuma, mfanyabiashara wa nazi kutoka Moa, aliyekuja mjini kununua nguo za Idi za wajukuu wake na ambaye alikuwa amenyolewa asubuhi hiyohiyo na Idarusi. Alikwisha kukipokea kisanduku chake, amekikumbatia.

Mwatumu alipita katikati ya watu mpaka mezani. Kristofa alipomwona aliondoa mkono wake relini.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba. Nipishe kidogo."

Hakumsukuma. Kristofa mwenyewe alisogea. Mwatumu alikitoa kile kichwa cha mistari, akakiweka kando, akaweka chake, akakijaza ufunguo mpaka mwisho, akakiachia. Kiliondoka kwa kishindo kilekile. Kilichechemea mbele ya watu wote, kikafika kona, kikaanguka kwa ubavu, magurudumu yakizunguka hewani. Mtu mmoja alicheka. Mwatumu alikirudisha relini, chini ya mlima mara hii, wakakitazama kikipanda nusu, kikisita, kikirudi.

"Hiki nimekinunua hapa," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa lakini duka lilikuwa limenyamaza. "Kimetoka katika visanduku kama vile. Na hicho mlichokuwa mkikitazama, kimetoka katika visanduku kama vile."

Meneja alitokea ofisini. Aliuliza jambo kwa Kiingereza, na Ernesti akaacha kufunga. Alikuwa amesimama na uzi mkononi. Mzee Mwinyijuma alisogea mezani polepole, akavitazama vile vichwa viwili vilivyolala bega kwa bega, akamgeukia Kristofa.

"Mwanangu," alisema, "hiki chako umekigusa?"

Kristofa angeweza kusema hapana. Watu wangemwamini, kwa sababu ya lile shati na kwa sababu walitaka kumwamini. Alimtazama Ernesti, kisha akamtazama Mwatumu.

"Nimekigusa, mzee. Nimekitengeneza wiki nzima."

"Na hiki nilichonunua mimi?"

"Hicho hakijaguswa."

Mzee Mwinyijuma aliweka kisanduku chake juu ya kaunta, kwa utulivu kabisa, akasema anataka kilichofunguliwa mbele yake kikapanda mlima, au arudishiwe fedha zake. Aliyekuwa nyuma yake akasema vivyo hivyo. Vikafunguliwa visanduku pale, kimoja baada ya kingine, vikawekwa relini. Kimoja kilipita kona. Kimoja kilipanda juu kidogo kuliko vingine. Hakuna kilichofika juu. Kila kimoja Mwatumu alikigeuza akawaonyesha watu upande wa pili, na kila upande wa pili ulikuwa mweusi mtupu, mpaka watu wakawa wanageuza wenyewe bila kuambiwa. Waliokwisha kwenda na vya kwao siku za nyuma walipata habari kabla ya magharibi, na siku ya pili wakarudi navyo.

Meneja alirudisha fedha za watu. Hakuwa na la kufanya, maana sikukuu ilikuwa mlangoni na watu haohao ndio aliotaka wanunue nguo na viatu. Alirudisha za Mwatumu pia, kwa mkono wake, bila kumtazama. Vile visanduku vikaondolewa, na baadaye ikasikika kwamba vimepelekwa kuuzwa mji mwingine, ambako hakuna aliyejua vilivyokuwa. Mwatumu aliposikia hilo alisema kwamba huko nako, inshaallah, atatokea mtu wa kukigeuza kichwa upande wa pili.

Kristofa alikuja Idi pili. Alileta halua, akakaa kitini mlangoni kama mgeni. Alisema Ernesti ndiye aliyemwomba. Meneja alikuwa amemwambia Ernesti kwamba vichwa hivi yeye ndiye aliyevisifu vikaagizwa kwa wingi, kwa hiyo yeye ndiye atakayejua vitatokaje dukani. Ernesti alikuja kulia kwake, na yeye akaona kwamba hilo si kosa, ni msaada tu kwa rafiki. Akasema pia kwamba alipokuwa akikitengeneza alikuwa na furaha sana, na furaha ile ndiyo iliyomziba macho asiuone upande wa wanunuzi.

"Mikono yako sijaigombeza," alisema Mwatumu. "Ningekuwa nayo mimi, ningejivuna barabarani. Ila ulimpa mtu mwingine uaminifu wako avae kama kanzu ya kuazima, na watu wakaisalimu kanzu, wasijue aliyekuwa ndani."

Kristofa alikubali. Hata hivyo hakukubali yote. Alisema bado anaamini mpenzi wa reli anapaswa kujua kutumia tupa. Mwatumu akasema anayeuza anapaswa kujua pia. Wakala halua.

Lakini Ernesti alifukuzwa kazi. Hilo Mwatumu hakulitarajia, na aliposikia alirudi dukani mara ya tatu, akasimama mbele ya kaunta ambapo sasa palikuwa na karani mgeni, akaomba kumwona meneja. Akaambiwa hayupo. Alimwona vizuri kupitia mlango ulioachwa wazi, amesimama mikono nyuma, anatazama barabarani. Mwatumu alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka duka likafungwa, na meneja akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ernesti alipata kazi ya stoo huko Amani, kwenye kituo cha utafiti, akahama na watu wake. Hakuja kuaga. Siku walipokuwa wakisubiri gari la kupanda milimani, Mwatumu alikwenda kituo cha magari akamkuta mkewe, Praxeda, amekaa juu ya magodoro yaliyofungwa, Ernesti amekwenda kutafuta maji. Mwatumu alikuwa amewaletea chakula cha njiani, wali na samaki wa kupaka.

Praxeda alimwamkia, maana alilelewa vizuri, lakini hakunyoosha mkono kupokea.

"Wewe ulirudishiwa chako," alisema. "Sisi tumerudishiwa nini?"

Mwatumu alikaa chini kando yake, juu ya ukingo wa godoro, na bakuli la chakula magotini. Alikuwa na majibu. Alitaka kusema kwamba aliyemfukuza mumewe si yeye, kwamba mwenye kiwanda hakufukuzwa, wala aliyepaka upande mmoja, wala meneja aliyeagiza na kucheka. Kwamba katika mnyororo ule mrefu, kuanzia Ulaya mpaka Tanga, wameukata pale penye pete nyembamba, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Yote yalikuwa kweli. Alimtazama Praxeda, akaona hayo anayajua.

"Hamkurudishiwa kitu," alisema. "Na si haki. Ningerudi pale dukani leo, ningefanya vilevile, na bado si haki."

Gari lilikuja, watu wakaanza kupakia. Ernesti alirudi na maji, akampa Mwatumu shikamoo akiwa amegeuza uso, akaanza kurusha magodoro juu. Praxeda alisimama, akajifunga kanga vizuri, na alipokuwa akipanda aliinama akalichukua lile bakuli kutoka mikononi mwa Mwatumu, akaketi nalo mapajani, akafunika kwa upindo wa kanga ili vumbi lisiingie.